Spana ya upepo: Namna ya kuitunza na kuitibu inapogoma

MSAFIRI anayetoka kisiwani Mombasa kuelekea Nairobi, punde tu avukapo Makupa na kuingia Changamwe, hupokewa na mlio mkali wa spana ya upepo ikipigapiga nati za gurudumu la lori. Mlio huo humfuata hadi Mikindani, Jomvu na Miritini. Malori yanayobeba shehena kutoka bandari ya Kilindini kwenda bara, Uganda, Rwanda na mashariki mwa Kongo hupita huko, na magurudumu yake hayana budi kufunguliwa, kuzibwa pancha na kufungwa tena usiku na mchana. Kisauni na Likoni nako, chombo hicho hicho, kikiwa na umbo dogo zaidi, huhudumia matatu na magari ya kibinafsi.

Fundi anayemiliki spana hii ana mtaji mkononi. Humaliza kwa dakika chache kazi ambayo kwa spana ya kawaida iliyorefushwa kwa bomba ingemtoa jasho kwa muda mrefu. Hata hivyo, hiki ni chombo kinachosingiziwa mno. Kikipoteza nguvu husemwa kimekufa, kikatupwa au kuuzwa kwa bei ya vyuma vikuukuu, ilhali mara nyingi ugonjwa hauko ndani yake bali katika upepo unaokilisha.

Lipo jambo zito zaidi. Spana dhaifu inayodhaniwa kuwa nzima huacha nati zilizolegea, na spana yenye nguvu kupita kiasi hunyoosha bolti hadi zikakatika. Gurudumu likichomoka barabarani, wanaoumia huenda wasimjue hata fundi aliyelifunga. Kwa sababu hiyo, utunzaji wa spana ya upepo ni suala la riziki na la uhai pia.

Namna inavyofanya kazi

Spana ya upepo kwa umbo hufanana na bastola. Chini ya mpini kuna tundu la kuingizia upepo, na ndani ya tundu hilo huwapo chujio dogo la waya. Upepo hupita kwenye valvu inayofunguliwa na triga, kisha kwenye swichi inayoamua kama spana itakaza au italegeza, na hatimaye huingia katika silinda.

Ndani ya silinda mna rota. Rota hiyo ina mifereji kadhaa, aghalabu sita, na katika kila mfereji mmechomekwa kibao chembamba. Upepo unapoingia, vibao hivyo hutokeza nje na kugusa ukuta wa silinda, vikasukumwa na upepo, na rota ikazunguka maelfu ya mara kwa dakika.

Mbele ya rota kuna nyundo, na mbele ya nyundo kuna fuawe, yaani kile kichwa cha mraba kinachovishwa soketi. Nati inapokuwa laini, nyundo na fuawe huzunguka pamoja. Nati inapokataa, nyundo huachana na fuawe kwa nukta ndogo sana, hujikusanyia kasi, kisha huligonga kwa ghafla. Mapigo hayo hufuatana upesi mno hata sikio husikia mlio mmoja. Hiyo ndiyo siri ya chombo hiki: kwa kuwa nguvu huja kwa mapigo wala si kwa msukumo mmoja mrefu, nati hung'oka bila mkono wa fundi kuzungushwa.

Spana hizi hutambuliwa kwa upana wa kichwa chake. Ya nusu inchi hutosha magari madogo na matatu. Ya robo tatu hutumika kwa malori madogo. Ile ya inchi 1, ambayo huhitaji mikono miwili kuishika, ndiyo ya malori makubwa na matrela.

Maji, adui mkuu wa Pwani

Spana ya upepo ikitumiwa Mombasa hukabiliwa na hatari kubwa kuliko ikitumiwa mahali pakavu bara. Sababu yake ni unyevu ulio hewani.

Tuchukue siku ya kawaida ya Pwani yenye joto la nyuzi 30, hewa ikiwa imebeba asilimia 75 ya mvuke inaoweza kuubeba. Kila mita ya ujazo ya hewa hiyo huwa na takriban gramu 23 za maji katika hali ya mvuke. Kompresa inapoikandamiza hewa hadi presha ya pauni 90 kwa inchi ya mraba, mita saba za ujazo hugeuka kuwa moja. Mita hiyo moja sasa ina gramu 160 za maji, ilhali kwa joto la nyuzi 30 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 30 za mvuke. Gramu 130 zinazosalia hazina pa kwenda ila kugeuka maji.

Kwa hesabu hiyo, kompresa inayovuta lita 400 za hewa kwa dakika, ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika, huzalisha takriban lita 0.4 za maji. Ikifanya hivyo kwa saa nne, maji hayo hupita lita moja na nusu. Sehemu yake hutulia chini ya tangi. Yaliyobaki husafiri na upepo kupitia mpira hadi ndani ya spana, ambako huiosha oili, hushikisha kutu beringi na silinda, na kuvifanya vibao vya rota vikwame katika mifereji yake. Chumvi iliyo katika upepo wa baharini huichochea zaidi kutu hiyo.

Ndiyo maana spana iliyofanya kazi vizuri Jumamosi jioni huweza kukataa kuzunguka Jumatatu asubuhi. Haikuvunjika, bali ililala na maji tumboni.

Utunzaji wa kila siku

Kazi ya kwanza ya asubuhi ni kwenye kompresa. Koki iliyo chini ya tangi ifunguliwe polepole hadi maji yote yaishe na upepo mtupu uanze kutoka. Jioni, baada ya kazi, zoezi hilo lirudiwe. Wakati wa mvua za masika, kompresa inayofanya kazi mfululizo yafaa ifunguliwe na adhuhuri pia. Maji yakitoka na rangi ya kahawia, tangi lenyewe limeanza kuliwa na kutu kwa ndani, na hilo si jambo la kupuuzwa.

Kazi ya pili ni kuupuliza mpira kabla ya kuufungia spana. Mpira uliolala chini usiku kucha huwa na maji na mchanga. Fundi auelekeze mbali na watu, afungue upepo kwa sekunde chache, kisha ndipo afunge spana.

Kazi ya tatu ni oili. Matone manne au matano ya oili nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya upepo yatiwe katika tundu la kuingizia upepo, kisha spana iendeshwe bila mzigo kwa sekunde chache. Oili ya injini ni nzito na hugeuka ulimbo unaovinata vibao. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu nazo ni nyepesi mno. Husafisha, lakini haziachi ulainisho wa kudumu. Kabla ya kufunga kazi, matone mengine yatiwe na spana iendeshwe tena, ili ilale ikiwa imepakwa oili wala si maji.

Baadhi ya mafundi hufunga kifaa kinachodondosha oili chenyewe katika njia ya upepo. Ni mpango mzuri kwa karakana yenye shughuli nyingi, ila njia hiyo isitumiwe kujazia tairi upepo wala kupulizia rangi. Oili huudhuru mpira wa tairi na huiharibu rangi.

Utunzaji wa kila wiki na kila msimu

Mara moja kwa juma, kiungio kilicho kwenye mpini kifunguliwe na lile chujio dogo la waya lisafishwe. Chembe chache za kutu au mpira zilizonasa hapo hutosha kuinyima spana pumzi. Wakati huo huo, viungio vyote vya mpira vipakwe maji ya sabuni. Panapotoka povu ndipo panapovuja.

Kichujio cha maji nacho kina mahali pake. Wengi hukifunga pale pale kwenye tangi, ambako upepo ungali moto na maji yangali mvuke. Kikifungwa hapo hunasa kidogo tu. Chafaa kiwe mbali na kompresa, karibu na mahali pa kazi, ambako upepo umekwisha kupoa. Karakana yenye mabomba ya kudumu yafaa iyainamishe kidogo ili maji yatiririkie mahali pamoja penye koki, na matawi yatolewe juu ya bomba wala si chini yake. Kompresa iwekwe kivulini penye hewa, isiachwe juani wala kufungiwa katika chumba kisicho na dirisha.

Sehemu ya nyundo huwa na ulainisho wake tofauti na ule wa rota. Spana nyingine hutumia grisi, nyingine oili, na kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Grisi isishindiliwe hadi ikajaa, kwani nyundo inayoogelea katika grisi nzito hupoteza nguvu ya pigo. Kwa spana inayotumika kutwa, sehemu hiyo ifunguliwe na kukaguliwa kila baada ya miezi michache.

Spana inapogoma: anzia mbali

Kanuni ya kutafuta hitilafu ni kuanzia kwenye kompresa na kumalizia mkononi. Anayeanza kwa kuifungua spana hujiongezea kazi, na pengine huharibu kilichokuwa kizima.

Spana nyingi hutengenezwa zifanye kazi kwa presha ya pauni 90 kwa inchi ya mraba, ambayo ni karibu bar 6.2. Jambo lisiloeleweka na wengi ni kwamba presha hiyo hupimwa spana ikiwa inazunguka, na hupimwa pale kwenye mpini. Geji ya tangi inaweza kuonyesha pauni 120, lakini triga inapobonyezwa, presha ya mwisho wa mpira ikashuka hadi 60. Spana ya namna hiyo si mbovu. Ina njaa.

Kipimo chake ni rahisi. Geji ndogo ifungwe kati ya mpira na spana, triga ibonyezwe, na namba isomwe wakati wa mzunguko. Ikishuka sana chini ya 90, chanzo kitafutwe katika mambo haya:

Mpira mwembamba au mrefu kupita kiasi. Kwa spana ya nusu inchi, mpira wenye tundu la inchi 3/8 hutosha. Ile ya inchi 1 huhitaji mpira wa nusu inchi au zaidi. Wengi wa watengenezaji hupendekeza robo tatu. Mpira wa kujazia upepo tairi haufai kamwe kwa kazi hiyo.

Viungio vyembamba. Mpira mpana uliofungwa kiungio chenye tundu jembamba ni sawa na mpira mwembamba.

Kompresa ndogo. Kompresa yenye tangi la lita 50 huweza kujaza tairi za matatu siku nzima, lakini haiwezi kulisha spana ya inchi 1. Itafungua nati ya kwanza na ya pili, kisha itaishiwa.

Chujio la hewa la kompresa lililoziba, mkanda uliolegea, au valvu zilizochakaa. Dalili yake ni tangi kuchukua muda mrefu kujaa kuliko zamani.

Dalili zilizo ndani ya spana

Upepo ukithibitishwa kuwa mzima, ndipo spana yenyewe ichunguzwe. Kabla ya lolote, mpira utolewe na triga ibonyezwe ili upepo uliobaki uishe.

Haizunguki kabisa, na hakuna upepo unaotoka. Chujio la waya limeziba, au valvu ya triga imekwama. Visafishwe.

Haizunguki, lakini upepo unasikika ukitoka. Vibao vimekwama au rota imeshikwa na kutu. Mpira ukiwa umetolewa, soketi ishikwe na kuzungushwa kwa mkono mbele na nyuma. Ikilegea, oili itiwe kijiko kimoja cha chai, iachwe dakika chache, kisha spana iendeshwe pande zote mbili huku tambara likizuia oili isiruke. Maji ya kahawia yakitoka, fundi amekwisha kuujua ugonjwa na chanzo chake.

Inazunguka polepole hata bila mzigo. Oili ya zamani imeganda, au vibao vimelika. Tiba ya oili ijaribiwe kwanza. Isiposaidia, ifunguliwe.

Inazunguka kwa kasi, lakini ikigusa nati hakuna pigo. Hitilafu iko kwenye nyundo: pini imekatika, kingo zimelika, au grisi imezidi. Hapa oili ya rota haitasaidia kitu.

Ina nguvu ya kulegeza, lakini haina nguvu ya kukaza. Kwanza itazamwe swichi ya kupunguzia nguvu. Katika spana nyingi swichi hiyo hupunguza nguvu ya kukaza peke yake. Ikiwa iko sawa, valvu ya kugeuzia mwelekeo imechafuka au imelika.

Inavuja upepo triga ikiwa imeachwa. Uchafu umekaa katika makalio ya valvu, au mpira mdogo wa duara umekatika. Ni kipuri cha bei nafuu.

Mbele kunapata moto kuliko kawaida. Nyundo imekaukiwa na ulainisho.

Kila kitu ni kizima, lakini nati bado inakataa. Soketi iliyolika na kipande cha kurefushia hula nguvu nyingi ya pigo, kwa hivyo viondolewe au vibadilishwe. Soketi nyeusi zilizotengenezwa kwa ajili ya mapigo ndizo zifaazo. Zile zinazong'aa za spana ya mkono huweza kupasuka na kurusha vipande.

Tena, fundi aukague upande wa nyuzi. Malori mengi ya zamani, yakiwemo ya Isuzu na Fuso, yana bolti zenye nyuzi za kushoto katika magurudumu ya upande wa kushoto. Nati za upande huo hulegezwa kwa kuzungushwa kinyume cha tulivyozoea. Fundi asiyejua hilo huzidi kuikaza nati akidhani anailegeza, kisha akailaani spana bure.

Kuifungua na kuifunga

Mahali pa kufungulia pawe safi, penye kitambaa cheupe, mbali na mchanga. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, hasa mkao wa vibao, kwani vingi vina upande wa ndani na wa nje.

Vyuma vioshwe kwa mafuta ya taa mahali penye hewa, pasipo moto wala sigara. Petroli isitumiwe. Baada ya kukauka, silinda ipitishwe kidole: ikiwa ina michubuko mirefu, hata vibao vipya havitadumu. Beringi zizungushwe kwa mkono, na ile inayokwaruza ibadilishwe. Vibao vikiwa na nyufa, vimevimba au vimekuwa vifupi kuliko kina cha mfereji, vibadilishwe vyote kwa pamoja. Kimoja kipya kati ya vitano vya zamani hakileti usawa.

Wakati wa kuirudisha, kila chuma kipakwe oili nyepesi, na skrubu zikazwe kidogo kidogo kwa kukabiliana. Spana iliyofungwa sawasawa huzunguka kwa mkono bila kukwama. Ikikwama, isilazimishwe kwa upepo, bali ifunguliwe upya.

Nguvu si kipimo

Spana ikishapona, huja hatari ya pili. Chombo hiki kina nguvu, lakini hakina kipimo. Mlio wake haumwambii fundi nati imekazwa kiasi gani.

Magari madogo mengi huhitaji nati zikazwe kwa kati ya nyutoni mita 80 na 120. Malori mengi yenye bolti 10 za milimita 22 kwa gurudumu huhitaji karibu 600. Kwa lugha ya karakana, nyutoni mita 100 ni kama uzito wa kilo 20 ukining'inia mwisho wa mpini wa nusu mita. 600 ni kama uzito wa kilo 60 mwisho wa mpini wa mita nzima. Spana ya upepo ya nusu inchi, ikiwa nzima na imelishwa vyema, huweza kupita mara kadhaa kiwango cha gari dogo. Bolti hunyooka pasipo kuonekana, na siku moja hukatika.

Njia iliyo salama ni hii. Kutu, rangi na matope yaondolewe mahali rimu inapogusana na habu. Nati zianzwe kwa mkono mizunguko kadhaa, ili nyuzi zisipande. Spana ya upepo itumike kuzifikisha tu, kwa kufuata nati zinazokabiliana wala si kwa kuzunguka duara. Kisha ukazaji wa mwisho ufanywe kwa spana ya kipimo, ile inayotoa mlio au kuonyesha kwa mshale kwamba kiwango kimefikiwa. Bolti zisipakwe grisi ila mtengenezaji wa gari awe ameagiza hivyo.

Hata baada ya hayo, gurudumu lililofungwa upya hutulia kidogo likianza kubeba mzigo, na nati hupoteza sehemu ya kaza yake. Kwa hivyo zinapaswa kupimwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kwa dereva aliyefungiwa gurudumu Changamwe, hapo ni kabla ya kufika Voi. Madereva wengi wana desturi ya kusimama Mackinnon Road, penye msikiti na kaburi la Seyyid Baghali, kuomba salama ya safari. Kituo hicho ni fursa njema ya kuzikagua nati pia.

Usalama wa fundi

Magurudumu ya malori yenye rimu za vipande na pete yatolewe upepo kabla ya nati kuguswa. Rimu iliyopasuka hushikiliwa na nati peke yake, na nati zikilegezwa tairi likiwa na upepo, pete huweza kuruka na kumuua aliye mbele yake.

Kanuni za kelele kazini zilizotolewa nchini mwaka 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa muda wa saa nane. Mlio wa spana ya upepo mara nyingi hupita hapo. Vizibo vya masikio, miwani na viatu vigumu ni vifaa vya kazi kama soketi zilivyo. Ganzi ya vidole isiyoisha baada ya kazi ni dalili ya madhara ya mtikisiko, na haifai kudharauliwa.

Upepo wa kompresa usitumiwe kupangusia nguo wala kuchezeana, kwani huweza kupenya ngozi au kulipofua jicho. Kadhalika, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka matangi ya upepo yakaguliwe na mtaalamu aliyeidhinishwa. Valvu ya usalama ya tangi isizibwe wala kukazwa ili kupata presha zaidi. Tangi lililoliwa na kutu likipasuka, halimchagui mwenye karakana wala mpita njia.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye spana ya upepo katika bara la Mombasa, ufa wenyewe ni tone la maji. Dakika tano za kumwaga maji ya tangi na kutia matone machache ya oili, asubuhi na jioni, ni gharama ndogo ikilinganishwa na bei ya spana mpya. Na dakika tano nyingine, za kuzipima nati kwa spana ya kipimo kabla ya lori kuondoka, hazina bei.